Jani Limenyauka, Udongo Una Maji: Kuielewa Bustani ya Nyumbani Wakati wa Joto na Ukavu

Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote uliowahi kupimwa. Taarifa za aina hiyo zinapotoka, mazungumzo ya watu wenye bustani hugeukia jambo moja: mimea itamwagiliwaje? Hapo ndipo mashauri yanapoanza kugongana. Mmoja anaonya kuwa ukimwagilia mchana utaunguza majani. Mwingine anasisitiza kumwagilia kila siku, asubuhi na jioni, hata kama ni kidogo. Wa tatu anashikilia kwamba jani likilegea ni kiu tu, basi litiwe maji papo hapo, na wa nne anapendekeza mbolea ili mmea upate nguvu ya kuhimili jua. Mwenye bustani hubaki na ndoo mkononi, asijue amsikilize nani.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na maneno yenyewe. Tunaposema "jua limezidi", huwa tumefunga katika furushi moja mambo ambayo yangepaswa kutenganishwa. Joto ni hali ya hewa na ya jani. Ukavu wa hewa ni uchache wa mvuke katika hewa hiyo. Na ukavu wa udongo ni uchache wa maji pale mizizi ilipo. Mambo haya hufuatana mara nyingi, lakini si lazima yafuatane. Udongo unaweza kuwa umeshiba maji huku hewa ya juu yake ikichoma, na unaweza kuwa mkavu kabisa siku ya mawingu na ubaridi. Vilevile kiangazi si ukame: kiangazi ni msimu unaotarajiwa, na ukame ni upungufu wa mvua unaopita kawaida ya mahali husika. Mtu anayetibu joto kwa dawa ya ukavu wa udongo, yaani kwa kuongeza maji tu, anaweza kuua mmea ambao haukuwa na kiu hata kidogo.

Jani na mtungi

Tuanze na mtungi wa udongo. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu sehemu ndogo ya maji hayo hupenya katika vinyweleo vya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto kutoka kwa maji yaliyobaki ndani. Jani nalo hupoa kwa njia hiyo hiyo. Upande wake wa chini, na katika mimea mingi upande wa juu pia, kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo wanabiolojia huviita stomata. Kila kimoja kina midomo miwili inayofumbuka na kufumba. Kupitia vitundu hivyo mmea huvuta kaboni dayoksaidi, ambayo ni malighafi ya kutengenezea sukari yake, na kupitia vitundu hivyo hivyo hupoteza maji kwa njia ya mvuke. Mmea hauna namna ya kupata hiyo hewa bila kuyatoa hayo maji. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi hupita tu ndani ya mmea na kutokea majanini. Yanayobaki kujenga shina, jani na tunda ni machache sana.

Maji hayo hayapotei bure. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati zaidi ya mara tano ya ile inayotosha kuyapasha maji hayo kutoka ubaridi wa barafu hadi yachemke, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hutolewa na jani lenyewe. Ndiyo maana jani lenye maji ya kutosha linaweza kuwa na ubaridi kidogo kuliko hewa inayolizunguka, ilhali jani lililofumba vitundu vyake juani hupanda joto kuliko hewa. Kwa hiyo mmea unaofumba vitundu ili kuokoa maji hujikuta katika shida mbili kwa wakati mmoja: unapata joto zaidi, na haupati malighafi ya chakula chake. Unaweza kusimama wiki nzima bila kukua hata kidogo, na huku hauna ugonjwa wowote.

Upande wa pili wa hesabu ni hewa. Hewa ya nyuzi 40 za Selsiasi ina uwezo wa kubeba mvuke zaidi ya mara tatu ya hewa ya nyuzi 20. Joto likipanda bila unyevu kuongezeka hewani, hewa hiyo huanza kufyonza maji kutoka kila kitu chenye unyevu. Kila aliyewahi kuanika nguo analijua jambo hili: nguo hukauka upesi siku ya joto, upesi zaidi siku ya joto na upepo, na siku ya unyevunyevu hukaa kambani mpaka ikanuka. Jani ni nguo mbichi iliyoanikwa, isipokuwa lenyewe huloweshwa upya kutoka chini kila dakika.

Mimea haifanani katika matumizi. Mahindi, mtama na mchicha ni wa kundi la mimea inayotengeneza chakula kingi kwa kila tone la maji inalotumia, na nanasi na kakati hufungua vitundu vyao zaidi usiku, hewa inapokuwa na ubaridi. Boga, tango na letusi hazina ustadi huo. Kwa sababu hiyo, ratiba moja ya kumwagilia kwa bustani nzima ni urahisi wa mwenye bustani na si hitaji la mimea.

Kunyauka kwa mchana na kunyauka kwa alfajiri

Sasa tunaweza kulieleza jambo linalowatia watu hofu kuliko yote. Mizizi ina kasi yake ya kunyonya, nayo haiwezi kuvuka kikomo fulani hata kama imezungukwa na maji. Saa nane mchana, jua likiwa kali na upepo ukivuma, jani kubwa la boga hutumia maji kwa kasi inayozidi uwezo wa mizizi kuleta mengine. Jani hupoteza ugumu wake, hulegea na kuning'inia. Mwenye bustani huliona, huingiwa na huruma na kukimbilia ndoo. Angesubiri hadi jua lishuke, angelikuta jani limesimama lenyewe. Mfano wake ni mtu mwenye akiba ya kutosha benki ambaye mfukoni hana kitu kwa saa chache: hajafilisika, ila matumizi ya mchana yameizidi kasi ya kutoa fedha.

Kunyauka kunakostahili kuhofiwa ni kwa alfajiri. Usiku mzima hewa imepoa, vitundu vimefumba na mizizi imepata muda wa kujazia pengo. Ikiwa bado jani limelala jua linapochomoza, basi kuna tatizo la kweli. Hata hapo, usimwagilie kabla ya kuuliza udongo. Ingiza kidole au kijiti kikavu hadi kina cha sentimita 10 au 15, kwa sababu rangi ya juu haisemi lolote. Udongo uliokauka juu kwa unene wa sentimita mbili unaweza kuwa na unyevu mwingi chini yake, na udongo uliolowa juu kwa manyunyu ya asubuhi unaweza kuwa vumbi chini. Ukikuta ukavu, mwagilia. Ukikuta unyevu, acha.

Na ukikuta tope, huku mmea umenyauka alfajiri, basi yamkini mizizi imeoza. Mizizi hupumua. Udongo ukijaa maji kila upenyo, hewa hukosa nafasi, mizizi hufa, na mmea hunyauka kwa kiu ukiwa umesimama ndani ya maji. Dalili zake kwa nje ni zile zile za ukavu, na hivyo mtu huongeza maji. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kawaida zaidi ya kuua mmea wa chunguni, na inatendwa na watu wanaoipenda mimea yao kuliko wengine wote.

Ghala la maji lipo chini

Udongo ni ghala, na maghala hutofautiana. Udongo wa kichanga hupokea maji haraka na kuyaachia haraka. Udongo wa mfinyanzi huyapokea polepole na kuyashika sana, kiasi kwamba sehemu ya maji hayo mizizi haiwezi kuyang'oa. Ndiyo sababu mmea unaweza kunyauka katika mfinyanzi ambao mkononi bado unahisi unyevu. Udongo tifutifu uko katikati, na mboji huusogeza kila udongo kuelekea katikati hiyo, kwa kuupa mchanga uwezo wa kushika maji na kuupa mfinyanzi nafasi za kupitisha hewa.

Kipimo rahisi cha kukumbuka ni hiki: milimita moja ya maji, iwe ya mvua au ya mpira wa kumwagilia, iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja kamili. Milimita 25, yaani lita 25 kwa mita ya mraba, huweza kushuka hadi karibu sentimita 30 katika mchanga mkavu, lakini katika mfinyanzi huishia kwenye sentimita 10 au 12. Upande wa matumizi, tuta lililofunikwa na majani kabisa, katika siku ya joto kali na hewa kavu, linaweza kupoteza lita 5 hadi 8 kwa kila mita ya mraba. Chukua sasa tuta la mita 1 kwa mita 3 na ndoo moja ya lita 10. Ndoo hiyo inatoa lita tatu na ushei kwa mita ya mraba. Mtu huondoka ameridhika kwamba amemwagilia, wakati hajarudisha hata matumizi ya siku moja.

Hapa methali yetu inatupoteza. Haba na haba hujaza kibaba, ila katika kumwagilia haba na haba haijazi kitu, kwa kuwa kinachotiwa juu huliwa na jua kabla hakijashuka. Manyunyu ya kila siku hulowesha sentimita mbili au tatu za juu, na ifikapo mchana zimekauka. Ubaya zaidi, mizizi hufuata maji. Ikizoea kuyapata juu, hubaki juu, mahali penye joto kuliko pote na panapokauka kwanza. Ni afadhali kumwagilia mara mbili kwa wiki maji yanayoshuka hadi sentimita 20 au 30 kuliko kurashia kila siku. Mnyanya uliozoeshwa hivyo unaweza kupeleka mizizi yake zaidi ya nusu mita chini, ambako joto la mchana halifiki kwa ukali.

Kuna wanaostahili kurashiwa. Mbegu ambazo hazijaota na miche iliyohamishwa juzi ina mizizi katika sentimita chache za juu tu, nayo huhitaji maji kidogo mara nyingi mpaka ishike. Udongo wa kichanga sana nao hauwezi kuhifadhi akiba ya siku nyingi, kwa hiyo huko kiasi cha wiki hugawanywa mara tatu au nne. Udongo uliokauka hadi ukawa kama kigae hukataa maji. Yakimwagwa kwa wingi hutiririka kwenda njiani. Ulainishe kwanza kwa maji kidogo, subiri robo saa, kisha urudie kwa kiasi kamili. Kwa mti, chimba kisahani cha udongo kuuzunguka na umwagilie kuelekea pale kivuli cha matawi kinapoishia, kwa kuwa mizizi inayonyonya haiko kwenye shina.

Je, tone la maji huunguza jani?

Hadithi ya tone linalokusanya miale kama kioo cha kukuzia na kuchoma jani ni nzuri, na huenda ndiyo sababu imedumu. Mwaka 2010 Gábor Horváth na wenzake, watafiti kutoka Hungaria, walichapisha matokeo ya kuijaribu, kwa hesabu na kwa majani halisi. Katika majani laini hawakupata kuungua. Tone linalolala juu ya jani liko karibu nalo mno, na mahali ambapo miale ingekutana ni nyuma ya jani. Juu ya hayo, maji yenyewe hupoza. Hali ilikuwa tofauti kwa majani yenye nywele ndefu, ambazo zinaweza kulishikilia tone juu juu, mbali na uso wa jani. Kwa mboga nyingi za bustanini, hofu hiyo haina msingi.

Mbona basi watu huona madoa baada ya kumwagilia mchana? Mara nyingi mkosaji ni mpira wenyewe. Maji yaliyolala ndani ya mpira ulioachwa juani yanaweza kuwa moto wa kuunguza ngozi ya mtu, seuze jani changa. Yaache yatiririke pembeni mpaka yapoe. Maji yenye chumvi nayo yakikauka juu ya jani huacha chumvi yake pale pale. Sababu ya kweli ya kutopendelea mchana ni hasara tu: maji yanayorushwa hewani saa hiyo hupotea kwa wingi kabla hayajafika ardhini. Mapema asubuhi ndipo panapofaa kuliko pote, kwa sababu hewa imetulia na mmea huianza siku ukiwa na akiba. Jioni inakubalika iwapo utamwagilia udongo na si majani, kwani majani yanayolala yamelowa huwapa kuvu usiku mzima wa kuota. Lakini ukikuta mche unakufa saa saba mchana na udongo wake ni mkavu kweli, usiuache ufe kwa kuheshimu saa. Mwagilia.

Kupunguza matumizi

Nimezungumzia maji ya kutia kwa kirefu, na bado naona kuwa kazi kubwa zaidi iko upande wa pili, yaani kupunguza yanayotoka. Anayeongeza maji bila kuziba mianya anajaza pakacha.

Mwanya wa kwanza ni udongo ulio wazi. Udongo mtupu hufanya kazi kama utambi wa taa: jua likikausha tabaka la juu, maji ya chini hupanda kulifuata, nayo hukaushwa. Kuufunika kwa matandazo ya nyasi kavu, majani makavu au vipande vya mbao, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, huukata utambi huo na pia huupunguzia udongo joto. Mambo matatu huharibu faida hiyo. Kutandaza juu ya udongo mkavu huufungia ukavu ndani, kwa sababu mvua ndogo huishia kwenye matandazo. Basi lowesha kwanza. Kuyasogeza hadi yaguse shina hukaribisha uozo. Acha nafasi ya vidole vitatu au vinne. Na nyasi mbichi zikirundikwa nene hushikana, huchacha na kupata joto, kwa hiyo zitandazwe nyembamba na kuachwa zikauke. Wapo wanaoogopa kwamba vipande vya mbao huiba naitrojeni ya mimea. Hilo hutokea vinapochanganywa ndani ya udongo. Vikikaa juu, athari yake huishia pale vinapogusana na udongo, wala haifiki kwenye mizizi ya chini.

Magugu ni mwanya wa pili, kwa kuwa kila gugu ni pampu inayotoa maji yako na kuyapeleka hewani. Yakate kabla hayajatoa mbegu na uyalaze hapo hapo yawe matandazo.

Mwanya wa tatu ni jua lenyewe. Tumezoea kuambiwa kwamba mboga zinataka jua la kutwa, na kwa msimu wa wastani ni kweli. Katika joto kali, hata hivyo, mwanga wa adhuhuri na alasiri huzidi kiasi ambacho jani linaweza kukitumia. Ziada yote hugeuka joto la kupozwa kwa maji. Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga, ikitundikwa juu ya mboga, hupunguza mzigo huo bila kupunguza mavuno kwa kiasi cha kusikitisha, na mara nyingi huyaokoa. Iwekwe juu bila kugusa majani, pande zikiwa wazi ili hewa ipite. Kama neti ni moja tu, ielekeze magharibi, kwa sababu jua la alasiri hukutana na hewa iliyokwisha kupata moto. Shuka kuukuu iliyofungwa kwenye miti minne hutimiza kazi hiyo kwa wiki mbili za joto kali, ijapokuwa haipendezi macho.

Kuhusu upepo, ua unaopitisha hewa kidogo, kama wa matete au mimea mirefu, hupunguza kasi vizuri kuliko ukuta mzima, ambao huurusha upepo juu na kuuangusha kwa vurugu upande wa pili. Ukuta una kasoro nyingine: hunywa joto mchana na kulitoa usiku.

Mimea ya vyunguni na kwenye makopo huishi katika hali ngumu kuliko yote. Mzizi wa ardhini umezungukwa na udongo mwingi unaochelewa kupata joto, ilhali mzizi wa kopo jeusi uko sentimita chache tu kutoka kwenye plastiki iliyopigwa na jua. Vyungu visogezwe pamoja ili vitiliane kivuli, na vile vyeusi vifungwe kitambaa cheupe. Udongo wa chungu ukikauka kabisa hunywea na kuachana na kingo. Maji hupita pembeni na kutokea chini upesi, na mtu hudhani chungu kimeshiba. Dawa yake ni kukitumbukiza katika beseni la maji kwa nusu saa. Usiache beseni hilo chini ya chungu siku nzima, kwa sababu iliyotajwa juu ya mizizi na hewa.

Mmea mzima usiozaa

Malalamiko mengine hayahusu kunyauka bali mavuno. Mnyanya ni wa kijani na umestawi, lakini maua yanapukutika. Mchana unapovuka nyuzi 32 hadi 35 hivi, na hasa usiku unapogoma kushuka chini ya nyuzi 21 hadi 24, chavua ya mnyanya hupoteza nguvu na ua huanguka bila kutunga tunda. Pilipili hoho na maharage hutenda vivyo hivyo. Hakuna mbolea inayotibu jambo hili. Uweke mmea hai, na joto likishuka utachanua tena na kutunga. Matunda yaliyokwisha kutungwa nayo hukwama katika rangi ya chungwa, kwa kuwa utengenezaji wa laikopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, hufifia joto likizidi nyuzi 30. Yachume yakianza kubadilika rangi, uyaache yaive ndani ya nyumba, mahali penye kivuli.

Kuoza kitako, yaani lile doa jeusi lililobonyea chini ya nyanya, hulaumiwa kwa upungufu wa kalsiamu, na kutokana na lawama hiyo maganda ya mayai hurundikwa shinani. Ni kweli kwamba tunda limekosa kalsiamu, ila kwa kawaida udongo haujaikosa. Madini hayo husafiri ndani ya maji, na maji huenda zaidi kule yanakovukizwa, ambako ni majanini. Tunda halina vitundu vya kutosha kuyavuta. Maji yakija kwa vipindi vya shibe na njaa, tunda ndilo hukosa fungu lake. Umwagiliaji wa mpangilio usiobadilika na matandazo husaidia kuliko maganda, ambayo huchukua muda mrefu mno kuyeyuka hata yaliokoe tunda la msimu huu.

Letusi likipigwa na joto hurusha shina la maua na kuwa chungu, na mbegu zake nyingi hukataa kuota udongo ukizidi nyuzi 30. Zisie jioni katika kitalu chenye kivuli, ama ungoje msimu ugeuke.

Ama mbolea ya kuupa mmea nguvu, tazama kinachotokea ukinyunyiza chumvi juu ya vipande vya tango: baada ya dakika chache sahani imejaa maji yaliyotoka ndani ya tango. Mbolea za dukani kwa kiasi kikubwa ni chumvi, na katika udongo wenye maji machache ukali wake huongezeka. Badala ya mizizi kunyonya, huanza kunyonywa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, hata isipounguza, huchochea majani mapya laini, yaani vitundu zaidi vya kupotezea maji. Iache hadi joto lipungue. Kupogoa nako kusubiri, kwa sababu tunda lililokuwa limejificha chini ya majani likifunuliwa ghafla huungua na kupata baka jeupe.

Utitiri mwekundu, yaani vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, huipenda hali hii ya joto na ukavu. Ukiona majani yana vitone vya manjano visivyo na idadi, yageuze, au uyakung'ute juu ya karatasi nyeupe na uangalie kama vumbi linatembea. Mara nyingi kuosha upande wa chini wa majani kwa maji ya kasi, asubuhi, siku kadhaa mfululizo, kunatosha. Dawa kali ya kuulia wadudu inaweza kuzidisha tatizo, kwa sababu huwaua wadudu wanaokula utitiri na kuuachia uwanja.

Maji yakiwa hayatoshi

Ikifika hatua ya kugawa, gawa kwa kuangalia gharama ya kurudisha kilichopotea. Mti uliopandwa mwaka huu huja kwanza, kwani kuurudisha ni kazi ya miaka. Hufuata mboga zilizo katika maua au zinazojaza matunda, wakati ambapo siku chache za kiu hukata mavuno yote. Mboga za majani huvunwa mapema na kuachwa ziende. Nyasi za uwanja huja mwisho kabisa: nyasi iliyogeuka kahawia mara nyingi imelala tu na hurudi mvua zikinyesha, mradi usiikate fupi.

Maji ya kusuuzia vyombo au nguo yanafaa, ikiwa hayana dawa ya kung'arisha nguo wala sabuni nyingi. Yamwagwe udongoni, yasiguse majani au mizizi inayoliwa mbichi, na yasilazwe zaidi ya siku moja kwa kuwa huanza kunuka na kuzaa vijidudu.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikifukiwa hadi shingoni katikati ya mimea na kujazwa maji, huyaachia taratibu kupitia kuta zake kadiri udongo wa nje unavyokauka. Udongo ukilowa, mvutano hupungua nacho huachia kidogo. Fan Shengzhi, mwandishi wa kilimo wa China ya karne ya 1 kabla ya Kristo, alikwisha kueleza namna ya kufukia chungu hivyo na kuotesha mitikiti pembeni yake. Umwagiliaji wa matone kwa mipira ya plastiki, ulioendelezwa na mhandisi Simcha Blass nchini Israeli na kuingia sokoni katika miaka ya 1960, unafuata wazo lile lile la kupeleka maji mzizini polepole. Chungu ni rahisi kuliko mipira, ingawa huhudumia eneo dogo tu. Kifunike mdomo, mbu wasitage.

Mvua ya kwanza baada ya majuma ya ukavu ina hatari yake. Mizizi hunywa kwa pupa, tunda hujaa ghafla, na ganda lililokuwa limekakamaa kwa jua hupasuka. Ukiona mawingu yanajikusanya, chuma nyanya zote zilizoanza kubadilika rangi. Majani yaliyoungua kingo yaache mahali pake kwa wiki mbili au tatu, kwa maana bado yanayatilia kivuli yale machanga yanayochipua chini yake, na mbolea isubiri mpaka machipukizi hayo yaonekane wazi.